Gombe kwa Mtu wa Dar: Safari Inayopangwa na Ziwa

Hifadhi ya Taifa ya Gombe, makazi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, haina barabara ya kuingilia. Gari linaishia Kigoma, na kutoka hapo kuelekea kaskazini zinabaki kilomita kama 16 hadi 20 za maji. Msafiri wa Dar es Salaam alipaswa kuanza na jambo hili, lakini wengi hulifikia mwisho. Wanaomba likizo, wanakata tiketi ya ndege, wanalipia chumba Kigoma, kisha ndipo wanauliza boti inaondoka saa ngapi. Wakipewa jibu, hesabu ya siku zote inavurugika.

Panga kinyume chake. Anza na boti, kisha usiku wa kulala ndani ya hifadhi, kisha tiketi ya Dar, na likizo uiombe mwisho.

Boti za abiria zinazopita Gombe huanzia Kibirizi, kijiji cha wavuvi kilicho kaskazini kidogo ya Kigoma mjini. Ratiba yake haikutungwa kwa ajili ya watalii. Ni ya watu wa Mwamgongo na vijiji vingine vya ufukweni, wanaokwenda mjini asubuhi kuuza na kununua, kisha wanarudi kwao mchana. Ndiyo maana kutoka Kibirizi kwenda Gombe utasafiri mchana, kwa kawaida kati ya saa sita na saa nane, na kutoka Gombe kurudi mjini utaipata boti asubuhi na mapema, kama saa moja, ikitokea vijijini ikiwa na mzigo. Jumapili usizitegemee. Mwendo ni wa saa mbili hadi tatu na zaidi, kwa kuwa inasimama kila kijiji kushusha mifuko ya unga, mabati na magodoro.

Sasa fanya hesabu. Siku ya kwanza unafika alasiri, na muda wa kwenda kuwatafuta sokwe umekwisha. Siku ya pili ni yako yote. Siku ya tatu unapanda boti asubuhi na mapema. Maana yake, kwa boti ya abiria, usiku mbili zinakupa asubuhi moja tu ya msituni. Ukitaka nafasi ya pili, iwapo siku hiyo sokwe watakuwa wamepanda juu sana au mvua itanyesha tangu alfajiri, lala usiku tatu. Ushauri wangu kwa anayetoka Dar ni usiku tatu. Kuvuka nchi nzima, kutoka Bahari ya Hindi hadi mpaka wa Kongo, kwa ajili ya asubuhi moja ni kuweka fedha zote mahali pamoja.

Njia ya pili ni kukodi boti. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, unafika kwa saa moja au moja na nusu kutegemea injini, na asubuhi hiyohiyo unaweza kuingia msituni. Kabla ya kutoa fedha, kubaliana mambo haya bila kuacha mwanya: bei ni ya kwenda na kurudi au ya kwenda tu, mafuta yamo au hayamo, na kama unalala, boti inakusubiri hapo au inarudi mjini na kuja kukuchukua. Hilo la mwisho ndilo linalozaa ugomvi, kwa sababu boti ikirudi Kigoma na kuja tena, mafuta yanakuwa ya safari nne. Jaketi la kuokolea maisha usiridhike kuonyeshwa limefungwa kwenye fungu. Livae, funga mikanda, vuta mabega juu. Likikupanda mpaka masikioni ni kubwa mno, na majini litakuvuka. Watoto wanahitaji ya kwao.

Mtu aliyezoea boti za Zanzibar au pantoni ya Kigamboni asidhani ziwa ni bahari iliyopunguzwa. Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 kutoka kusini hadi kaskazini, limebanwa na milima pande zote mbili, na kina chake kinafika mita 1,470. Ni Baikal pekee linalolizidi kina duniani. Miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki hupanda kufuata urefu huo wote bila kitu cha kuuzuia. Gombe iko sehemu ya kaskazini ya ziwa, kwa hiyo mawimbi yakifika pale yamekwishasafiri mbali. Nayo ni mafupi, yenye mwinuko wa ghafla, yanafuatana upesi kuliko mawimbi marefu ya baharini. Boti ndogo inagonga badala ya kupanda na kushuka. Wakati wa kurudi Kigoma unakwenda kusini, yaani unayakabili uso kwa uso, na aliyekaa mbele ndiye anayelowa. Kaa nyuma katikati. Weka nguo, simu na kamera kwenye mfuko usiopitisha maji, mdomo uukunje mara tatu kabla ya kufunga. Nahodha akisema tungoje, ngoja. Wavuvi wa Kibirizi wanalisoma ziwa hili tangu utotoni.

Tofauti nyingine ni kwamba hakuna maji kujaa na kupwa. Ufuko unaouona asubuhi ndio utakaouona jioni. Kinachobadilika ni kimo cha ziwa lenyewe kwa miaka. Mvua kubwa za miaka ya 2020 zilipandisha maji na kumeza sehemu za fukwe, hivyo picha za zamani zenye mchanga mpana zisikudanganye.

Kufika Kigoma kwenyewe ni rahisi kueleza. Ndege kutoka Uwanja wa Julius Nyerere ni saa chache, na baadhi ya safari hutua mji mwingine njiani. Mabasi huondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, na hutembea mchana na usiku. Treni ya reli ya zamani inakwenda zaidi ya kilomita 1,200 kwa karibu siku mbili kupitia Dodoma, Tabora na Uvinza. Treni ya umeme inaweza kukufikisha Dodoma kwa haraka, ila kutoka hapo unahitaji usafiri mwingine wenye tiketi yake. Kwa njia yoyote, acha siku moja tupu kati ya kutoka Gombe na kuondoka Kigoma. Upepo wa siku moja unatosha kukuachisha ndege.

Reli hiyo tunapaswa kuiheshimu kwa jambo moja. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kushushwa bandari ya Dar es Salaam. Vipande vyake vilisafiri kwa reli hadi Kigoma vikaunganishwa tena, na ikaingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 walipokuwa wanarudi nyuma, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ukiwa Kigoma, uliza ilipo na uende ukaitazame.

Sasa msitu. Gombe ni ndogo, kilomita za mraba hamsini na kitu tu, ukanda mwembamba kati ya ziwa na ukingo wa Bonde la Ufa. Kutoka ufukweni, mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, ardhi inapanda hadi kama mita 1,500 kwa mwendo wa kilomita chache. Ukanda huo umekatwakatwa na mabonde yanayoteremka magharibi kuelekea ziwani, na kila bonde kubwa lina kijito chake. Hapo ndipo msitu wa mvua ulipo, chini mabondeni, ambako maji hayakauki: miti mirefu, mizabibu ya mwituni, michikichi, giza la kijani mchana kweupe. Ukipanda mgongo wa kilima unaingia miombo, na juu kabisa ni majani matupu. Kwa hiyo usitarajie msitu mmoja usiokatika. Ndani ya asubuhi moja unaweza kupita aina tatu za uoto, na miguu yako itazihisi zote, maana ni kupanda, kushuka kwenye kijito, kisha kupanda tena.

Mteremko huo ndio unaowachosha watu. Wengi hujiandaa kwa urefu wa njia, wakati shida iko kwenye mwinuko. Udongo wa mgongoni ni mkavu wenye kokoto zinazoteleza kama punje za mahindi sakafuni, na wa bondeni ni tope la majani yaliyooza. Viatu vyenye meno ya kina na vinavyobana kifundo vinatosha. Raba laini za jijini hazifai. Kama unanunua vipya Kariakoo, vitembee nyumbani wiki mbili kabla ya safari. Suruali iwe ndefu, na miguu yake uiingize ndani ya soksi: siafu hupita njiani kwa misururu, na mtu huwagundua wakiwa wamefika pajani. Ukiona msururu, vuka kwa hatua moja ndefu, usisimame kupiga picha. Beba maji lita mbili hadi tatu, koti la mvua jepesi, na kipande cha chakula chenye chumvi. Fimbo omba kwa mwongozaji.

Kuwapata sokwe kuna utaratibu unaoeleweka. Kila jioni sokwe mzima hujitengenezea kitanda kipya juu ya mti kwa kukunja matawi, na hulala hapo mpaka mapambazuko. Wafuatiliaji wakijua jana walilala wapi, kesho wanaanzia hapo. Wageni huondoka baadaye kidogo na mwongozaji, wakiwasiliana na walio mbele. Siku nzuri unawakuta kwa nusu saa. Siku nyingine ni saa nne za kupanda. Msikilize mwongozaji anaposimama kimya: anatafuta ule mwito unaoanza chini kwa chini na kupanda hadi mayowe, au mdundo wa madume wanaopiga mizizi mipana ya miti kwa miguu na mikono. Sauti hiyo inavuka bonde.

Msimu una uzito kuliko wageni wanavyodhani. Wakati wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, sokwe hawazunguki mbali sana, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuwapata, ila njia zinateleza na picha zinatoka na giza. Julai hadi Oktoba njia ni kavu na mwanga ni mzuri, lakini wanatembea zaidi, nawe utatembea zaidi. Mvua za kwanza zina zawadi yake: ndipo uvuvi wa mchwa unaposhamiri. Sokwe huchuma jani au kijiti, hukisafisha, hukichomeka kwenye tundu la kichuguu, hungoja mchwa waking'ate, kisha hukivuta taratibu na kuwala. Novemba 1960, miezi michache baada ya kufika Gombe tarehe 14 Julai, mtafiti Jane Goodall alimwona sokwe dume aliyemwita David Greybeard akifanya hivyo, na wanasayansi wakalazimika kufikiri upya kuhusu dai kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Utafiti aliouanzisha haujakoma hadi leo, ingawa mwenyewe alifariki Oktoba 2025. Eneo lilikuwa pori la akiba tangu 1943 na likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968.

Mwanga nao una hila yake. Hifadhi iko upande wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo jua huchomoza nyuma ya ukingo wa milima, na mabonde hubaki kwenye kivuli muda mrefu baada ya Kigoma kuwa kumekucha. Mwenye kamera apandishe uwezo wa kupokea mwanga (ISO), na asiwashe taa ya kamera (flashi), hairuhusiwi. Mwenye simu asubiri sokwe ashuke njiani kuliko kumpiga juu ya mti, ambako anga jeupe litamgeuza kivuli cheusi.

Ukiwafikia, muda ni saa moja na umbali ni mita kumi. Sokwe akikujia yeye, wewe ndiye unayerudi nyuma. Dume akianza kukimbia huku akiburuta matawi, usikimbie wala usipige kelele. Sogea kando ya njia, shika mti, mwache apite. Anawaonyesha wenzake nguvu zake. Usile mbele yao, usiteme mate, usiache ganda la chungwa. Ukibanwa na haja, mwambie mwongozaji, mwende mbali na njia, mchimbe shimo refu na kufukia.

Kuhusu afya nasisitiza bila kupunguza neno. Sokwe wanaugua magonjwa yetu na hawana kinga tuliyoizoea. Mwaka 1966 polio iliingia Gombe. Wengine walikufa, wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Mwaka 2006 huko Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kusini mwa Kigoma, ugonjwa wa njia ya hewa wenye uhusiano na kirusi cha binadamu uliua sokwe kadhaa. Gombe ina sokwe kama mia moja au pungufu, waliogawanyika makundi, Kasekela likiwa ndilo wageni wanalolifuata zaidi. Kundi la ukubwa huo haliwezi kuhimili mafua ya mgeni mmoja aliyeona haya kusema anaumwa. Vaa barakoa, beba za ziada maana ya kwanza italowa jasho. Ukiamka na kikohozi, baki ufukweni, hata kama umelipa. Watoto wadogo hawaruhusiwi kwenda kuwaona sokwe, kwa hiyo ulizia umri unaokubalika kabla ya kuwaahidi.

Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu. Unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, na hilo lifanye ukiwa Kigoma ambako mtandao ni wa uhakika. Beba kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha raia ni tofauti kabisa na cha mgeni wa nje. Malazi yawekwe mapema. Vyumba vya hifadhi kwenye eneo la Kasekela si vingi.

Duka halipo. Ulizia kabla kama utapikiwa au utajipikia, kisha fanya manunuzi soko la Kigoma: mchele, unga wa muhogo kama unaupenda kama wenyeji, nyanya, vitunguu, mawese, dagaa wakavu, kiberiti, na tochi zenye betri mpya. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, tumia vikapu. Chakula hicho kina adui, naye ni nyani. Nyani wa Gombe wanafahamu mlango, dirisha na zipu ya begi, na wamezoea kushuka ufukweni kutafuta mabaki ya samaki. Funga mlango kila unapotoka, hata kwa dakika mbili. Usile ukitembea. Usimpokonye alichochukua, meno yake ni makubwa kuliko hasara yako.

Mchana baada ya msitu, nenda ziwani. Maji ni matamu, si ya chumvi, na mwogeleaji wa Coco Beach atagundua anaelea kidogo kuliko alivyozoea. Sakafu nayo inazama upesi: hatua chache kutoka ukingoni huna pa kukanyaga. Beba miwani ya kuzamia. Kwenye mawe, kina cha mita moja tu, kuna samaki wa ukoo wa perege wenye mistari ya njano, buluu na nyeusi. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za ukoo huo, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Ukimwona jike mwenye kidevu kilichovimba, hayuko mgonjwa: aina nyingi hutunza mayai na watoto wao mdomoni.

Usiku usio na mbalamwezi, tazama magharibi. Taa zilizopangana juu ya maji ni za wavuvi wa dagaa. Dagaa hupanda usiku wakifuata viumbe vidogo wanavyokula, nao huvutwa na mwanga wa taa. Mwezi mpevu unapowaka mwanga unatapakaa ziwa zima, taa inakosa nguvu, na wavuvi hupumzika. Mwaka 2024 nchi zinazolizunguka ziwa zilisimamisha uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Kwa hiyo mwenye ndoto ya kurudi Dar na gunia la dagaa wa Kigoma aulizie kama kipindi cha kufunga kipo kabla ya kupanga bajeti.

Kuna wanaouliza kwa nini wasiende Mahale badala yake. Mahale ni kubwa kwa karibu mara thelathini, kama kilomita za mraba 1,600, msitu wake ni mnene zaidi, na Mlima Nkungwe unafika mita 2,462. Wajapani wamefanya utafiti huko tangu miaka ya 1960. Ila iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Kigoma, na gharama ya kufika ni ya kiwango kingine. Anayemudu zote mbili ataona jambo la ajabu: sokwe wa Gombe hula tunda la mchikichi, wa Mahale wana michikichi na hawaigusi. Wa Mahale wakisafishana hushikana mikono juu ya vichwa, jambo ambalo wa Kasekela hawana. Ni desturi za ukoo, zinazofundishwa kwa kutazama. Kwa safari ya kwanza, hasa kwa familia ya mshahara wa kawaida, Gombe inatosha na inabaki.

Ukipanda hadi kwenye mgongo wa milima, geuka utazame mashariki kabla ya kuteremka. Nje ya mpaka vilima vilivuliwa miti kwa ajili ya kuni na mashamba, na hifadhi ikabaki kisiwa. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianza mradi wa TACARE na vijiji vya jirani: vitalu vya miche, misitu ya vijiji, maji, afya. Penye vichaka vinavyorudi, mara nyingi ni wanakijiji waliotenga ardhi yao. Sokwe mia moja hawawezi kudumu ndani ya ukanda mwembamba hivi kama majirani hawataki.

Kigoma ina malaria nyingi, kwa hiyo zungumza na daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kuondoka, na ulale ndani ya chandarua. Kichocho nacho usikipuuze. Konokono wanaokibeba hupenda maji tulivu yenye majani, karibu na makazi ya watu na midomo ya vijito; ufuko wa mawe na mawimbi ni salama zaidi, lakini minyoo ya kichocho cha tumbo imewahi kukutwa hata kwa nyani wa Gombe. Ukiwa umeogelea, usiende kupima wiki unayorudi Dar, kwa kuwa minyoo haijaanza kutaga na majibu yatatoka safi. Ngoja kama wiki nane, kapime choo, mweleze mhudumu kwamba uliingia Ziwa Tanganyika na lini. Ikionekana ipo, dawa yake ni prazikwanteli, vidonge vinavyopimwa kwa uzito wa mwili.